MEYA, GAZETI NA JINA LA MJI
(Mazungumzo na viongozi wa walei)



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya ugomvi. Si ugomvi wa mtu na jirani yake, ambao kila jumuiya ndogo ndogo inaufahamu na ina njia zake za kuusuluhisha, bali ugomvi wa mkuu wa mji na gazeti linaloandika habari za mji huo. Tungeweza kuchukua mfano wa karibu. Tumeona heri tusifanye hivyo, maana mfano wa karibu huwagawa wasikilizaji kabla msemaji hajamaliza sentensi ya pili: huyu ni mtu wa meya, yule ni msomaji wa gazeti, na kila mmoja amekwisha kukata shauri moyoni mwake. Basi tutakwenda mbali, katika mji wa Chicago huko Marekani, na tutarudi nyuma kiasi cha miaka mia moja, mahali ambapo wahusika wote wamekwisha kufa. Huko ilikatwa kesi moja ambayo yafaa kila mlei anayekaa katika baraza lolote la hadhara aijue, hata kama hatasoma jambo jingine lolote juu ya mji ule.

Meya aliitwa William Hale Thompson, na watu walimwita Big Bill, kwa kuwa alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Alichaguliwa mwaka 1915, akachaguliwa tena 1919, akaondoka 1923, akarudi 1927, na hatimaye akashindwa 1931. Alizaliwa katika familia ya matajiri, lakini ujanani aliishi na wachunga ng'ombe wa magharibi, na kofia yao pana hakuiacha hata alipoingia katika siasa. Mikutano yake ilikuwa kama tamasha. Mwaka 1926 alipanda jukwaani na panya wawili hai katika kizimba, akawapa majina ya wapinzani wake, akajadiliana nao mbele ya umati. Katika uchaguzi wa 1927 alitangaza vita na mfalme wa Uingereza, ambaye hakuwa na habari yoyote na maji wala taka za Chicago, na watu wakamshangilia.

Tusimcheke upesi, kwa maana mtu huyu alijenga. Alifungua barabara, akazipanua nyingine, na mwaka 1920 lilifunguliwa daraja la Michigan Avenue lililobadili sura ya mji. Zaidi ya hayo, wakati ambapo Wamarekani weusi walikuwa wakihamia Chicago kwa maelfu kutoka majimbo ya kusini, wakikuta milango mingi imefungwa, Thompson aliwapa baadhi yao kazi katika ofisi za mji na akawasikiliza. Wapinzani wake walimdhihaki kwa sababu hiyo hiyo, na katika dhihaka yao hamkukosekana dharau ya rangi. Kwa hiyo mtu mweusi wa Chicago alipoona magazeti makubwa yakimshambulia meya, alikuwa na sababu yake ya kujiuliza ni kosa gani hasa linaloshambuliwa.

Upande wa pili lilisimama gazeti la Chicago Tribune, chini ya Kanali Robert McCormick. Lilikuwa gazeti lenye nguvu na majivuno, na kila siku lilijitangaza kuwa gazeti kubwa kuliko yote duniani. Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Gazeti hilo na meya huyo walikuwa wa chama kimoja, chama cha Republican. Mwaka 1918 Thompson alitaka kuteuliwa na chama chake agombee kiti cha Seneti ya Marekani, naye akashindwa na Medill McCormick. Huyo alikuwa kaka wa Kanali mwenyewe. Basi mtu akituambia kwamba Tribune lilipigana na meya kwa ajili ya ukweli peke yake, tutamwomba atazame tena majina hayo mawili. Walimu wa mji nao walikuwa na malalamiko yao ya siku nyingi: jengo la Tribune lilikuwa juu ya ardhi ya shule, na kodi iliyolipwa, walisema, ilikuwa ndogo mno. Thompson aliifahamu habari hiyo vizuri na hakuacha kuitumia.

Ndivyo zilivyo vita za namna hii mahali pengi. Mkuu wa mji ana aibu zake, na mwenye gazeti ana zake, na kila mmoja anazijua za mwenzake. Raia amekaa katikati na karatasi mkononi, naye hana budi kujua kama fedha za maji zimekwisha au hazijakwisha.

Na kweli habari ilikuwa ya fedha. Mwaka 1920, wakati wa kampeni za uchaguzi ambamo kundi la Thompson lilikuwa likitafuta kuitawala serikali ya jimbo zima la Illinois, Tribune liliandika mara kwa mara kwamba utawala wake umeufilisi mji: kwamba hazina ni tupu, na kwamba Chicago haikopesheki tena. Meya angeweza kufanya mambo kadhaa. Angeweza kufungua vitabu vya hesabu na kuwaonyesha watu. Angeweza kwenda mahakamani kwa jina lake mwenyewe, kama mtu aliyechafuliwa. Lakini njia iliyochukuliwa ilikuwa nyingine. Mji wenyewe, yaani Chicago kama shirika lenye nafsi ya kisheria, ulilishtaki gazeti kwa kashfa na kudai fidia ya dola milioni 10.

Ndugu zetu, tuitafakari picha hiyo. Mlipakodi wa Chicago alikuwa akinunua gazeti lake asubuhi ili ajue kodi yake imefanyiwa nini. Kodi ile ile sasa ilikuwa ikimlipa wakili wa kulifunga mdomo gazeti lile. Na dola milioni 10 za siku hizo zilikuwa fedha za kuweza kuliangusha hata gazeti tajiri, sembuse lile la mtaani lenye mtambo mmoja wa kuchapia na mhariri anayepiga chapa kwa vidole viwili.

Hoja ya mawakili wa mji haikuwa ya kijinga. Walisema hivi: mji unakopa fedha kwa kuuza hati za mkopo, unanunua vifaa, unaingia mikataba. Ukivumishwa kuwa umefilisika, wakopeshaji wanapandisha riba na wauzaji wanapandisha bei, na hasara inamwangukia kila mwananchi. Mfanyabiashara akisingiziwa kufilisika anaruhusiwa kushtaki. Kwa nini mji usiruhusiwe?

Kesi ilikataliwa katika mahakama ya kwanza, ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Illinois, na uamuzi ukatolewa mwaka 1923. Mji ulishindwa. Lakini si kushindwa kwenyewe tunakotaka mkukumbuke, bali sababu zake, na hasa jambo moja ambalo wasomaji wa haraka hulipita. Mahakama haikusema kwamba gazeti liliandika kweli. Kwa kuwa swali lililoletwa lilikuwa ni kama mji una haki ya kushtaki hata kidogo, majaji walichukulia kwamba yote yaliyodaiwa na mji ni sahihi, yaani kwamba habari zile zilikuwa za uongo na ziliandikwa kwa nia mbaya. Hata kwa kuchukulia hivyo, walisema, mji hauwezi kushtaki kwa kashfa.

Kwa nini? Walieleza kwamba raia ana haki ya kuikosoa serikali isiyofaa au iliyooza bila kuogopa kufungwa, na pia bila kuogopa kudaiwa fidia. Wengi wetu huiogopa jela na kuiona kesi ya madai kuwa jambo dogo. Majaji waliona kinyume. Katika kesi ya jinai serikali inapaswa kuthibitisha pasipo shaka yoyote ya maana, na adhabu ina kikomo kilichowekwa na sheria. Katika kesi ya madai uzito wa ushahidi unaotakiwa ni mdogo, na fidia haina mwisho. Serikali inayotaka kuwanyamazisha watu ingeona njia hii ya pili kuwa nyepesi zaidi. Tena, wakasema, gazeti halina haki ya pekee kuliko mtu. Likiweza kushtakiwa na mji kwa kusema mji umefilisika, basi na mwananchi aliyesimama katika mkutano wa kampeni akasema vivyo hivyo aweza kushtakiwa, na jirani yake aliyelirudia sokoni pia.

Mpaka uliwekwa. Anayewachochea watu wavunje sheria au waipindue serikali kwa nguvu hakingwi na hukumu hiyo. Wala haikumnyima meya, diwani au karani haki ya kulitetea jina lake yeye mwenyewe. Mtu aliyeitwa mwizi kwa jina lake aweza kwenda mahakamani kama mtu mwingine yeyote, kwa gharama yake, na akaulizwa maswali kizimbani. Kilichokataliwa ni yeye kujifunika bendera ya mji na kusema, "Aliyenigusa mimi ameigusa Chicago."

Hukumu hiyo ilisafiri. Mwaka 1964 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliitumia katika kesi ya gazeti la New York Times na kamishna mmoja wa mji wa Montgomery, Alabama, kesi iliyozaliwa katika harakati za haki za watu weusi. Mwaka 1993 ilivuka bahari. Baraza la wilaya ya Derbyshire, Uingereza, lilikuwa limelishtaki gazeti la Sunday Times kwa kuandika juu ya fedha za pensheni za watumishi wake. Nyumba ya Malodi, ambayo wakati huo ilikuwa mahakama ya mwisho ya nchi hiyo, iliamua kwamba baraza la serikali za mitaa halina haki ya kushtaki kwa kashfa, na Lord Keith aliyetoa hukumu aliitegemea waziwazi kesi ya Chicago. Hapo ndipo habari inapotufikia sisi, maana sheria ya kashfa ya Kenya, Uganda na Tanzania ina mizizi katika ile ya Uingereza, na mawakili wetu huzisoma hukumu za huko ingawa haziwafungi majaji wetu. Bara letu nalo limesema lake. Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, pale Arusha, iliona kwamba kumfunga mwaka mmoja mhariri wa Burkina Faso kwa kumkashifu mwendesha mashtaka kulikiuka haki yake. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilikibatilisha kifungu kilichoifanya kashfa kuwa kosa la jinai.

Turudi Chicago, maana ugomvi haukuishia hapo, na sehemu iliyobaki haimpendezi yeyote kati ya hao wawili.

Mwaka 1921 Tribune lilikuwa limefungua kesi yake lenyewe, kama mlipakodi, dhidi ya Thompson na wenzake. Lilidai kwamba wathamini wa ardhi na majengo walioajiriwa kwa ajili ya kazi za barabara walilipwa fedha nyingi kupita kiasi, na kwamba sehemu ya fedha hizo iliishia katika mifuko ya kundi la kisiasa la meya. Mwaka 1928 jaji aliamuru Thompson na wenzake warudishe zaidi ya dola milioni 2. Gazeti lilishangilia. Mwaka 1930 Mahakama ya Juu ya Illinois, ile ile iliyolikinga gazeti, ikaitengua amri hiyo, kwa kuwa haikuridhika kwamba njama ilithibitishwa. Sisi tunaiheshimu mahakama hiyo zaidi kwa ajili ya kesi hizo mbili zikiwekwa pamoja kuliko kwa ajili ya ile ya kwanza peke yake.

Kisha, tarehe 9 Juni 1930, mwandishi wa Tribune aliyeitwa Alfred Lingle alipigwa risasi kichwani mchana kweupe, katika njia ya watu ipitayo chini ya barabara, akielekea kupanda gari moshi. Chicago ya siku hizo ilikuwa ya magenge yaliyotajirika kwa pombe ya magendo, Al Capone akiwa mkubwa wao. Gazeti lilimwombolezea kama shahidi wa kazi yake, likatangaza zawadi ya dola 25,000 kwa atakayesaidia kumpata muuaji. Siku chache baadaye ukweli ukaanza kutoka. Lingle alikuwa akilipwa dola 65 kwa juma, lakini aliishi maisha ya tajiri. Alikuwa rafiki wa wakuu wa polisi na rafiki wa Capone, na mkanda wake ulikuwa na bizimu ya almasi, zawadi ya Capone. Gazeti lililokuwa limemhubiria meya habari za uoza kwa miaka 15 lilikuta uoza mezani pake lenyewe. Thompson, kama mnavyoweza kukisia, hakuinyamazia bahati hiyo.

Lakini gazeti lilikiri. Lilichapisha katika kurasa zake lenyewe kwamba mtu wake hakuwa lile lililodhani, na uchunguzi ukaendelea. Tusilisifu kupita kiasi kwa hilo. Magazeti mengine ya mji yalikuwa yamekwisha kuikamata habari, na kuificha kusingewezekana. Hata hivyo tunayajua mashirika mengi, na baadhi yake ni ya watu wa dini, ambayo katika hali kama hiyo yangetafuta mlango wa nyuma.

Katika miaka hiyo hiyo Kanali McCormick alifanya tendo lililo gumu kulieleza kwa mtu anayetaka watu wawe wema tu au wabaya tu. Huko Minneapolis palikuwa na kijigazeti kilichoitwa Saturday Press. Mwaka 1927 kilimshambulia mkuu wa polisi, meya na wengine kwa kushirikiana na wacheza kamari, na katika mashambulizi hayo kikawatukana Wayahudi kwa maneno machafu ambayo hatutayarudia hapa. Mahakama, kwa kutumia sheria ya jimbo ya mwaka 1925, ikakifunga kama kero ya hadhara. Mhariri wake, Jay Near, hakuwa na fedha wala rafiki. McCormick alimpa mawakili wa Tribune na kulipia rufani, akijua wazi kwamba sheria kama hiyo ikisimama Minnesota itanakiliwa Illinois, na Thompson atakuwa wa kwanza kuitumia. Tarehe 1 Juni 1931, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali haiwezi kulifungia gazeti lisichapishe kesho kwa sababu ya yale liliyoandika jana. Mwenye kukashifiwa na aende mahakamani. Kalamu isivunjwe kwanza.

Thompson alikuwa ameondoka madarakani majuma machache kabla, akishindwa na Anton Cermak. Tangu siku hiyo Chicago haijapata meya mwingine wa chama chake. Alipokufa mwaka 1944, masanduku yake ya benki yalikutwa na noti taslimu za zaidi ya dola milioni 1. Kila mmoja na afikirie atakavyo. Mahakama ilikuwa imesema haikuthibitishwa, na sisi hatuna mamlaka ya kuifungua kesi upya.

Sasa, mtatuuliza, mlei afanye nini na habari hii? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulikiri kwamba jamii ya watu ina haki ya kupata habari, nayo amri ya nane inatudai sote, mhariri na diwani. Hayo mnayajua. Tungependa badala yake tuseme jambo lililotokea karibu, bila kutaja parokia.

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa katika kikao cha parokia ambapo mabati ya kuezekea ukumbi yalikuwa yamechangiwa mara mbili na bado paa halijakamilika. Mzee mmoja, fundi seremala, alisimama akauliza fedha za mchango wa pili zimekwenda wapi. Aliuliza kwa adabu. Mwenyekiti akamjibu kwa ukali kwamba analitukana Kanisa, na wengi wakapiga makofi. Sisi pia tulikaa kimya. Tulijiambia kwamba tu wageni, kwamba si mahali petu, kwamba mzee angengoja amwone mwenyekiti faraghani. Yule mzee aliketi, akaikunja kofia yake magotini, na hakusema neno tena mpaka sala ya kufunga.

Ilikuwa baadaye, tulipokuwa tukisoma habari za Chicago kwa ajili ya kazi nyingine, ndipo tulipoyatambua maneno ya mwenyekiti yule. Mzee hakuwa amesema lolote juu ya Kanisa. Alikuwa ameuliza juu ya mabati.

Paroko alifanya ambalo sisi hatukulifanya. Jumapili ya pili yake orodha ya mapato na matumizi ilibandikwa mlangoni, stakabadhi zikiwa zimegongomelewa pembeni yake. Fedha hazikuwa zimeibwa. Usafiri kutoka mjini ulikuwa umepanda, na hakuna aliyekuwa ameona haja ya kuwaambia wachangiaji. Baada ya Misa ya kwanza mwenyekiti alimwendea fundi akamwambia, "Umeona sasa, mzee wangu? Mimi si mwizi."

"Sikusema wewe ni mwizi, mwanangu," mzee akamjibu, akiwa bado anasoma. "Niliuliza."